Kinyumenyume

Misimu tisa nilimnolea viatu Orest Pawlychenko,
beki wa kushoto, jezi ishirini na saba.
Mguu haumfichi kitu anayeunoa.
Washambuliaji huniletea makali yaliyolika mbele,
pale vidole vinapochimba kuanza mbio.
Yake yalilika kisiginoni.

Kwao ni kaskazini ya Yorkton, shamba la ngano na madeni.
Wasyl, babake, alimwaga maji nyuma ya ghala
usiku wa baridi ya kupasua misumari,
ndoo juu ya ndoo, mpaka uwanda ukawa kioo.
Kaka walikuwa wawili na magongo mawili.
Kitinda mimba akapewa ufagio:
simama hapo, mtu asipite.
Akasimama.
Hakuna aliyerudi kumwambia sasa basi.

Watu hudhani beki ni ukuta. Ukuta haukimbii.
Beki hukimbia kinyumenyume,
uso kwa kinachomjia, kisogo kwa aendako,
kama mtu anayehama huku akiitazama nyumba yake.
Akiiweza kazi, hakuna kilichotokea,
na hakuna gazeti linaloandika: jana hakuna kilichotokea.
Akiteleza mara moja taa nyekundu huwaka
na watu elfu nane wanalijua jina lake.

Kwenye basi, saa tisa za usiku, theluji ikifuta barabara,
wenzake walicheza karata, wakalala midomo wazi.
Yeye alisoma katalogi za mbegu.
Alipigia mstari aina za viazi.
Meno manne ya mbele hayakuwa yake
na pua ilikuwa imehamia shavuni kidogo,
ila akicheka ulisahau.

Ligi kubwa ilimwita siku kumi na moja, mwezi Februari,
mafua yalipowalaza mabeki watatu.
Nami nikapelekwa naye, maana alikataa mnoaji mwingine.
Mechi ya nne, tukiwa pungufu mtu mmoja,
akajilaza mbele ya kombora.
Kisahani kilimkuta kifundoni; nilisikia kutoka benchi,
mlio wa kuni kavu.
Akainuka. Akaegemea gongo kama mzee anayesubiri posta kufunguliwa,
akaziba njia kwa mguu mmoja, sekunde hamsini,
hata mpira ulipotolewa nje,
umati ukisimama, ukipiga vioo kwa viganja.
Shambani, Wasyl alikuwa garini na redio,
maana ndani ya nyumba mawimbi hayafiki.
Mtangazaji alikuwa amelikosea jina lao mara sita.
Ya saba akalipata.

Nilikata kiatu kwa mkasi wa bati.
Akauliza, "Lorne, kitashoneka?"
Nikamwambia mfupa hauko katika mambo yangu.
"Nasema kiatu," akajibu.

Kiangazi wakambadilisha
kwa golikipa wa miaka kumi na tisa
pamoja na *mengine yatakayoamuliwa baadaye*.
Ndivyo mkataba ulivyoandikwa, niliusoma mwenyewe.
Golikipa alikuja. Mengine bado nayangoja.

Nilimtembelea Oktoba iliyopita.
Ana mke, Darlene, mwalimu wa hesabu, na ekari za viazi.
Ukutani hakuna jezi wala picha;
kuna kalenda ya duka la mbolea.
Tuliongea juu ya mvua.
Kisha Darlene akataka viazi vya chakula cha jioni
na Orest akafungua mlango wa ghala la chini ya sakafu.

Magoti yake hayakubali tena kushuka kama watu.
Akageuka, akashika nguzo,
akaanza kuteremka kinyumenyume, ngazi baada ya ngazi,
uso wake umetuelekea sisi wawili jikoni,
mgongo kwa giza.
Nilinyanyuka kumsaidia.
Darlene akanishika mkono.
"Mwache," akasema, "huko anakujua."